Niliweka Muguu Chini

Hapa Bunia, ukiuliza batu juu yangu, batakuambia: ni ule bwana wa velo, ni kusema baiskeli, mwenye pneu, mupira ya gurudumu yake, ilipasuka kule ku mashindano, ku course, siku yenye alikuwa anaenda kushinda. Banasema vile na huruma. Mama mumoja ku soko ananiitaka Papa Pneu. Nikipita na samaki, anauliza, "Papa Pneu, leo umefika muzima?" Mi nacheka. Kucheka njo kazi yenye naweza bila diplome. Nilisoma paka mwaka ya pili ya secondaire, halafu mahesabu ikanifukuza.

Pneu haikupasuka. Mi nilisimama.

Lakini mbele niseme ile, nieleze kazi ya samaki, juu bila ile kazi hautasikia kitu. Kutoka ku ziwa, kule Kasenyi, kupanda Bogoro, njia inasimama kama ukuta. Siye tulikuwaka tunapakia samaki ya chumvi ku kinga, ni vile tunaita velo ya muzigo, paka ile kinga haionekane tena chini ya samaki. Mutu mumoja hawezi kuisukuma peke yake mu ile mulima. Basi munaenda wawili. Munasukuma ya mumoja paka ku kona, munaiegemeza na fimbo, munashuka, munasukuma ya mwenzake. Fasi yenye mulima inalegea kidogo, kila mutu anajipiganisha na yake, na mwenye anafika juu wa kwanza anangojea. Hakuna fasi iliandikwa. Lakini mutu mwenye aliingia Bogoro peke yake, akaacha mwenzake nyuma, hakupata tena wa kusukuma naye. Hata bamaaskari ku barrière ya njia bakikuona peke yako banauliza, "Na mwenzako?"

Mwenzangu, nilisukuma naye miaka sita. Alikuwa mudogo wangu kwa miaka ine, aliniitaka grand. Mvua ikitukamata, alilala kwangu. Bibi yangu, mama ya batoto, alijua atakula bugali kiasi gani, ni kusema yote.

Sasa kulikuwa muzee mumoja mwenye alikimbizaka velo zamani, wakati barabara ya hapa ilikuwa bado na jina ya barabara. Siku moja alituona tunarudi na kinga tupu, tunashindana na pikipiki. Akasema, "Hii miguu munaiharibu na samaki." Akatuweka mu équipe yake. Tulikuwa batano. Alitupatia kaputula ya kukamata mwili. Bibi yangu aliponiona nayo alifunga mulango, akasema batoto basinione.

Ule muzee, entraîneur, njo alitufundisha kuchunga nguvu. Alisema: "Nguvu yako ni bidon moja, chupa moja ya maji. Course iko siku saba, na hakuna mutu atakuongezea. Mwenye anamwaga yote siku ya kwanza juu bamama ya ku njia bamuone, siku ya tatu atapanda mu ile camionnette yenye inaokotaka bale bameshindwa." Alitufundisha kujificha nyuma ya mugongo ya mwenzako, upepo ipige yeye. Alitufundisha kula mbele njaa ifike, juu ikifika umekwisha. Mi ile somo ya kula nilipata ya kwanza. Mu maisha yangu yote, sikupataka ya kwanza mu kitu ingine.

Course ilikuwa mu inchi jirani, inchi yenye ina lami paka juu ya milima. Baéquipe ya Ulaya balikuja, na bamekanisye yabo, bafundi ya velo, na batu ya kubasugua miguu. Siye mekanisye wetu alikuwa pia njo anapika.

Muzungu mumoja, mukubwa wa équipe moja ya mbali, alimwambia muzee wetu: kati ya batu yako batano, nitachukua mumoja. Contrat, velo, na kazi ya kukimbiza velo tu. Mumoja. Mi nilikuwa na miaka makumi mbili na munane. Ku velo, ile ni karibu na kustaafu. Mudogo wangu hakukuwa hata na makumi mbili na tano, wakati ilikuwa yake. Mi nilijua: kama haiko hapa, ni samaki paka kufa.

Siku ine ya kwanza nilijificha kama panya. Sikuenda mbele hata mara moja. Kila etape, mbio ya siku moja, nilifika kati-kati, hakuna mutu alijua jina yangu, na bidon yangu ilikuwa bado inajaa. Muzee alinipiga ku bega. "Kesho njo yako," akasema. "Milima iko mwisho. Hauko hatari kwabo, batakuachilia."

Ni kweli balituachilia. Asubui ya etape ya tano tulitoroka batu sita, mi na mudogo wangu ndani. Bakubwa ya nyuma hatukubasumbua. Bale benye banashindania course nzima balikuwa bametuacha mbali sana kwa saa, batuogopee nini? Ni kama kuku ukiiachilia inje, unajua jioni itarudi.

Batu sita, kila mutu anapita mbele dakika moja, anavuta bengine, halafu anarudi nyuma kupumzika. Ni vile munagawanya upepo. Kilometre ya makumi tano, mudogo wangu akanikaribia. Uso yake ilikuwa ya majivu.

"Grand, miguu imekataa."

"Umekula?"

"Nilisahau."

Nikamupa ndizi yangu mbili za mu mufuko, na keki moja. Nikamwambia, "Kaa nyuma yangu. Zamu yako nitaifanya mi." Basi kila mara zamu yake ilifika, nilipita mbele mi. Mufaransa mumoja akanicheka, akauliza kama nalipwa mara mbili. Nikamusalimia tu, Kifaransa yangu ya kujibu ilikuwa inaishia hapo. Saa moja nzima nilifanya kazi ya batu wawili, na mudogo wangu anakula polepole nyuma yangu, kama iko mu harusi.

Halafu mulima ya mwisho ikafika.

Sitaki kujisifu, lakini ile mulima ilikuwa mutoto wa mulima. Hakukuwa samaki juu yake. Nilipanda. Mufaransa alibaki, bengine bakabaki, mudogo wangu pia. Nikisikiliza nyuma, hakuna tena mutu anapumua. Juu kulikuwa batu mingi, banapiga masahani na vifuniko. Kubakia kufika, kilometre kumi na ine, karibu yote ya kushuka.

Nikafika juu. Na nikaweka muguu chini.

Sikuwaza. Ningewaza singesimama. Miaka sita, ukifika juu, unasimama, unageuka, unaangalia chini. Muguu ilijua kazi yake. Nilikuwa hata na furaha. Nikakunywa maji. Nikapangusa uso.

Muarbitre mumoja, mwamuzi ya course, akasimamisha pikipiki.

"Pneu?"

"Hapana."

"Uko mugonjwa?"

"Hapana. Nangojea mwenzangu."

Akaniangalia. Batu ya masahani bakaanza kupiga kelele mu luga yabo, banaonyesha njia na mikono, kama unaonyesha mbuzi fasi ya kupita. Mi nikabasalimia.

Mudogo wangu akatokea mu kona, nyuma ya batu wawili, amejificha vizuri mugongoni mwabo, vile muzee alitufundisha. Uso yake ilikuwa imerudi. Ndizi ilikuwa imefanya kazi. Nikamuinulia mukono. Akaniangalia. Haiko kuangalia ya mutu mwenye hajaona. Aliniangalia mu macho, wakati wa kuhesabu mbili. Halafu akainamisha kichwa, akakanyaga.

Hapo njo nilikumbuka niko ku course.

Nikapanda velo. Lakini miguu yenye umesimamisha juu ya mulima inakuwa baridi, inakuwa mbao. Na mu kushuka, batu batatu benye banasaidiana banaenda mbio kupita mutu mumoja na hasira yake. Nilibaona ku kila kona ya chini, kila mara badogo zaidi. Karibu ya mwisho peloton nzima, kundi kubwa ya nyuma, ikanimeza. Nilikuwa wa makumi sita na kitu. Mudogo wangu alikuwa wa pili.

Muzee alikuja na mbio. Motokari yetu ilikuwa imefungiwa nyuma ya peloton, hakuona kitu.

"Juu ya nini ulisimama?"

Nikafungua kinywa. Mudogo wangu akasema mbele yangu, "Pneu yake ilipasuka, muzee. Niliona."

Muzee akanigeukia. Nikasema, "Ndiyo. Pneu."

Juu ya nini nilikubali? Kwa sababu pneu ni bahati mubaya, lakini kungojea ni bujinga, na mi nilichoka kuwa mujinga mbele ya batu. Mekanisye wetu aliangalia roue, gurudumu yangu, jioni, akaifinya, akaniangalia. Akaenda kupika.

Ule muzungu akachukua mudogo wangu. Alimwambia muzee juu ya nini: ule kijana anajua kuchunga nguvu, alipumzika saa nzima bila kugusa upepo, akafika mwisho bado na miguu. Muzee alitutafsiria kwa heshima yote. Nilipiga mikono na bengine. Ile nguvu yenye alichunga, nilijua mufuko yenye ilitoka.

Mwaka iliyopita alirudi Bunia likizo. Siku ya mungu, Jumapili, akaja kwangu na viatu mweupe, akakaa ku kiti ya plastique, bibi yangu akamupa soda. Tuliongea juu ya bei ya samaki, juu ya njia. Bibi akaenda ku jiko. Nikauliza.

"Uliniona?"

"Nilikuona, grand."

"Ukawaza nini?"

Akageuza chupa mu mikono. "Niliwaza, nikisimama, tutapoteza wawili. Niliwaza, nitamueleza ku mwisho. Halafu ku mwisho kulikuwa batu mingi."

"Na ile ya pneu?"

"Nilikuokoa na aibu."

"Yangu?"

Akakunywa. Halafu akauliza, polepole, kama mutu mwenye anataka kweli kujua, "Ingekuwa mi njo niko juu, na weye unakuja na bale wawili, ungesimama?"

"Ningesimama."

"Basi njo maana habakukuchukua, grand."

Nikacheka, kama kawaida yangu. Yeye hakucheka. Alisema kweli, na ile njo iliniuma kupita yote. Akamaliza soda, akasimama, akaangalia mu lupango, mu kiwanja ya nyumba, upande huu na upande ule, halafu akauliza choo iko wapi. Alilala mu hii nyumba mara ngapi, sijui. Nikamuonyesha na mukono: nyuma ya jiko, mulango ya mabati.