Nchagwa na Jina Ambalo Hakuliandika

Kwa miaka kumi na tisa Nchagwa alikuwa mtu wa kupima ubora wa majani katika ghala la kampuni iliyonunua tumbaku hapa Suna. Wakulima walileta marobota yao kutoka Kehancha na vijiji vya mpakani. Yeye aliyafungua, akaingiza mkono hadi katikati, akachomoa jani moja na kulinyoosha juu ya kiganja kwenye mwanga wa mlango. Kisha alitaja daraja. Hakulirudia wala hakubembelezwa. Siku moja shemeji yake aliyekuwa amepanga foleni na wengine alimwambia kwa sauti, "Shemeji, hilo jani unaliangalia kama polisi." Nchagwa akamjibu, "Ningeliangalia kama shemeji, kesho ungeniletea majani ya migomba." Watu walicheka, lakini daraja likabaki lilelile.

Mimi nilikuwa karani katika ofisi iliyotazamana na ghala hilo. Nilikuwa nimesomea uhazili katika chuo cha ufundi, na kazi yangu ilikuwa kupiga chapa barua, kutunza majalada na, mara moja kila mwaka, kupokea fomu za bima ya matibabu ya wafanyakazi na familia zao. Baadhi ya mambo ninayoyaeleza hapa yalipitia mezani kwangu. Mengine aliniambia Nchagwa mwenyewe, na mengine niliyasikia kwa mkewe, Jerusha, ambaye tuliimba naye kwaya moja.

Mtoto wao wa kwanza aliitwa Elvis. Alikuwa kijana wa kusoma, na mwaka 1993 aliingia chuo cha ualimu. Katika mwaka wa pili alirudishwa nyumbani. Alikuwa ameacha kulala, na kuta za bweni alizijaza majibu ya maswali ambayo hakuna aliyemuuliza. Nyumbani aliongeza pombe. Alilazwa mara mbili katika hospitali ya misheni upande wa Homa Bay, na mara ya kwanza alitoroka na blanketi la wodi, akaliuza sokoni mchana watu wakimwona. Nchagwa alinunua blanketi jingine akalipeleka mwenyewe hospitalini. Alilikabidhi kwa mikono miwili, kama mtu anayelipa faini ya ukoo.

Mara ya pili walimpata muuguzi mwenye subira, na dawa iliyomfaa ikajulikana: sindano moja kila mwezi, pasipo kuruka hata mwezi mmoja. Kuanzia katikati ya mwaka 1995 Elvis alitulia. Alilima, alinyoa ndevu zake mwenyewe, na jioni alimfundisha mdogo wake Scovia hesabu za sehemu kwa kukata viazi vitamu. Mkuu wa chuo aliandika barua kwamba, iwapo angekaa salama mwaka mzima, nafasi yake ingemngoja mwezi wa tisa mwaka 1996. Bima ya baba yake ndiyo iliyogharimia sindano. Nyumba nzima ilihesabu miezi.

Mwezi wa kwanza wa mwaka huo ulitoka waraka mpya, na mimi ndiye niliyeupiga chapa. Kila mtoto aliyezidi miaka ishirini na moja angeondolewa katika bima, isipokuwa mzazi aandike kwamba mtoto huyo hawezi kujitegemea, na naibu wa chifu wa mahali mzazi anapoishi au anapotoka agonge muhuri. Fomu zilitakiwa kurudi Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa pili.

Nchagwa alikuja kuchukua yake akiwa na vumbi la tumbaku kwenye nyusi. Aliisoma amesimama, mstari kwa mstari, kidole kikifuata maneno.

"Benta, hapa naandika nani?"

"Elvis, mzee. Hapo kwenye safu ya watoto."

"Elvis si mtoto."

"Ni neno la fomu tu, mzee."

"Fomu ni ya kampuni," alisema. "Neno ni la kwetu."

Sikumwelewa. Sisi Waluo hatukuwa na tohara katika mila zetu, na kwangu neno mtoto lilimaanisha mtu aliyezaliwa na mwingine. Kwa Wakuria, watu wa Nchagwa, mambo ni tofauti. Kijana akishasimama mbele ya ngariba bila kutikisika, utoto wake umekwisha mbele ya mashahidi, na kumwita mtoto baada ya hapo ni tusi ambalo watu wameshawahi kupigania. Elvis alitahiriwa mwaka 1986. Baba yake alichinja fahali, na rika zima likala.

Jerusha hakuona ugumu wowote. "Baba Elvis, sindano haiulizi mtu umri," alimwambia. "Andika, ugongewe muhuri, tulale."

"Nitaipeleka nyumbani Jumamosi."

"Nyumbani kufanya nini? Naibu wa chifu wa hapa Suna ofisi yake iko nyuma ya soko. Ukienda asubuhi, saa nne umerudi."

"Huyo hamjui Elvis."

"Ndiyo sababu nasema uende kwake."

Nchagwa hakukubali. Jambo zito juu ya mwanawe, alisema, lingesemwa pale kijana alipotahiriwa, si mbele ya mgeni anayegonga muhuri huku akinywa chai. Jumamosi alivaa koti lake la kanisani akaenda kwao Kehancha.

Katika ofisi ya naibu wa chifu alimkuta Nyamohanga, mtu wa rika lake, amekuja kuandikisha ng'ombe wake waliopotea. Nyamohanga ndiye aliyesimama nyuma ya Elvis siku ile ya kisu. Aliuliza kilichomleta mwenzake, na Nchagwa, ambaye hakuzoea kuficha, akamwambia.

"Elvis huyu wetu?" Nyamohanga alisema. "Nilimshika mabega mimi. Hakupepesa jicho. Sasa unatafuta muhuri wa serikali useme ni mtoto?"

"Ni kwa ajili ya dawa."

"Basi tumwite ngariba aanze upya. Na yule fahali wako tutamtapika vipi? Mimi nilikula nundu."

Wazee waliokaa kwenye benchi walicheka. Naibu wa chifu, ambaye kwa umri angeweza kuwa mwanawe, hakucheka. Alichukua muhuri, akaukandamiza kwenye wino, akaushikilia juu ya karatasi.

"Mzee, muhuri ni wangu lakini neno ni lako," alisema. "Nigonge?"

Nchagwa alinieleza kwamba alitazama ule mkono kwa muda ambao hakuweza kuupima. Kisha aliivuta fomu, akaikunja mara nne na kuitia mfukoni. Nyamohanga alimpiga begani akamwambia amefanya kiume.

Alipofika nyumbani, Jerusha aliikunjua fomu na kuona mahali pa muhuri pako wazi.

"Ulimuuliza nani?"

"Nimewauliza watu wa nyumbani."

"Watu wa nyumbani wako hapa," Jerusha alisema. Elvis alikuwa nyuma ya jiko, anafunga waya kwenye banda la kuku. Ilikuwa hatua kumi na tano kutoka pale waliposimama. Nchagwa hakwenda, na Jerusha, kwa maneno yake mwenyewe, hakumsukuma, kwa kuwa alidhani siku zilikuwa bado nyingi.

Ijumaa ya mwisho Nchagwa alinirudishia fomu. Jina lake lilikuwepo, la mkewe, la Scovia na wadogo zake wawili. Safu ya kwanza ya watoto ilikuwa tupu. Waraka ulitaka kila nafasi tupu ipigwe mstari, asije mtu akaongeza jina baadaye. Nilichukua rula.

"Mzee, ofisi inafungwa saa kumi na moja," nilisema. "Bado kuna saa moja."

Alitazama ghala kupitia dirishani, pale vijana walipokuwa wakishona marobota.

"Funga, Benta. Nitamlipia kwa mkono wangu."

Nilipiga mstari kwa wino wa bluu, nikaandika tarehe pembeni. Ulikuwa mstari ulionyooka.

Nchagwa hakuwa mtu wa kuahidi ovyo. Mwezi wa tatu alimpeleka Elvis kudungwa sindano, akalipa mwenyewe dirishani, na wa nne vilevile. Mwezi wa tano kampuni ilimtuma ghafla, kabla hajaacha pesa ya sindano, kwenye vituo vya mbali vya kununulia majani, na Elvis akaenda hospitalini peke yake. Dirishani walimwomba kitabu cha matibabu. Akawapa kile cha zamani. Wakamwambia jina lake halimo tena, alete malipo. Hapo ndipo alipojua kwamba ameondolewa. Alirudi nyumbani, na mama yake alipomuuliza, alisema amedungwa. Mwezi wa sita alisema hivyohivyo. Jerusha aliniambia kwamba alikunja hata mkono wa shati kana kwamba bega linamuuma.

Mwezi wa saba maandishi yalianza kwenye ukuta wa banda la kuku. Kabla baba yake hajarudi, Elvis alikuwa ameondoka kwa miguu kuelekea mpakani, na siku tisa hakujulikana alipo. Binamu zake walimleta amefungwa kamba. Nchagwa ndiye aliyezifungua. Zilikuwa kamba za katani, za kushonea marobota, na ilimbidi atumie meno.

Safari hii alikaa wodini miezi mitatu. Barua ya chuo ilifika mwezi wa tisa kama ilivyoahidiwa, na nafasi ilikuwepo. Walimpelekea hospitalini. Elvis alisoma sentensi ya kwanza, akarudi mwanzo, akaisoma tena, akarudi mwanzo. Kisha aliikunja vizuri akampa mama yake. Muuguzi yule mwenye subira aliwaeleza wazazi nje ya wodi kwamba ugonjwa huu kila unaporudi huondoka na kitu, na kwamba kilichoondoka safari hii hakuona dalili ya kurudi. Hakuwalaumu. Nchagwa alisema ingekuwa afadhali angewalaumu.

Mwezi wa kwanza mwaka 1997 walikuja ofisini wawili. Nchagwa alivaa lile koti la kanisani. Elvis alikuwa amenenepa kwa dawa na alitembea kwa kuburuta nyayo. Alinisalimu kwa adabu.

"Nimekuja kuandika jina," Nchagwa alisema. "Muhuri nimegongewa hapa Suna. Hata hakuuliza."

Ilinibidi nimsomee kifungu cha mwisho cha waraka, kile nilichokipiga chapa kwa mikono yangu: jina la mtu mzima likishaondolewa halirudishwi. Nilikisoma polepole. Nilimwambia ningemwandikia meneja barua, na niliiandika, na jibu lilikuja baada ya wiki mbili likirudia kifungu kilekile.

Elvis alikuwa anaitazama ile karatasi. Alinyoosha kidole, akakiweka kwenye neno la juu ya safu.

"Niandike hapo, dada," alisema. "Mtoto. Hata mchanga, sawa tu."

Baba yake alimgeukia. "Ungekubali?"

Elvis alifikiri. Tulingoja. Mashine ya mwenzangu ilisimama.

"Hukuniuliza," alisema, bila hasira, kama anayejibu swali la darasani.

Nchagwa aliketi kwenye kiti cha wageni, ambacho hakuwahi kukikalia. Baadaye, Elvis alipotoka kwenda kusimama kwenye jua, aliniambia jambo ambalo alisema hawezi kulitamka nyumbani. Nyamohanga alipofanya mzaha siku ile, yeye alijisikia mwepesi. Alikuwa amechoka: na lile blanketi, na macho ya watu, na kuhesabu miezi. Mila ilimpa mahali pa kuuweka uchovu wake pasipo mtu kuuona. "Jani bovu huwa nalitambua kwa harufu, Benta," alisema. "Langu nililitajia daraja la kwanza."

Nilimpa ile barua kwa meneja aisaini.

Alistaafu mwisho wa mwaka 1998, naye sasa ndiye anayempeleka Elvis kila mwezi, bila kuruka, kwa mapato ya shamba lake dogo la mahindi. Mwezi uliopita niliwakuta katika mkahawa karibu na hospitali, nikaketi nao. Mhudumu alikuja, akamuuliza Nchagwa watakula nini.

"Muulize mwenyewe," alisema.

Mhudumu aliuliza: chapati au ugali. Elvis aliitazama meza. Wateja wawili walipita na kupewa chakula chao. Mhudumu alihamisha uzito kutoka mguu huu hadi mwingine, akamtazama mzee, akitarajia aseme yeye ili mambo yaishe. Nchagwa aliweka mikono yake mapajani akamngoja mwanawe, na chai yake ikaendelea kupoa.