Ya Mwisho Kuwekwa, ya Kwanza Kusema

Karata zile nilizikuta kwenye mfuko wa koti la mtoto. Nilikuwa nauza mitumba sokoni Manundu, nguo za watoto, na siku hiyo nilikuwa nimefungua belo la makoti mazito ya baridi. Makoti ya baridi, Korogwe! Labda uwe unataka kumchemsha mwanao. Belo bovu ni kama mume mbovu, ukishalifungua ni lako, na mimi kwa hasira nikaanza kupekua mifuko, mmoja baada ya mwingine, angalau nipate hata kitana. Nikatoa fungu la karata lililofungwa kwa mpira.

Hazikuwa karata zetu hizi za kopa na shupaza. Kila moja ilikuwa na picha yake, mnyama, mzee, mchawi, moto, na chini ya picha maneno ya Kiingereza. Nikasema hizi atazijua mdogo wangu.

Mdogo wangu alikuwa amemaliza kidato cha nne na anasubiri matokeo, na kusubiri kulikuwa kumemkondesha. Tulikaa watatu, yeye, mimi na baba, kwenye kambi ya shamba la mkonge nje ya mji. Babu yetu aliletwa pale enzi za manamba, wale vibarua wa mkataba wa mkoloni, baba akazaliwa palepale, akafanya kazi kwenye korona, ile mashine inayosaga majani ya mkonge zikabaki singa, mpaka siku walipopunguzwa kazi. Miaka ile ya ubinafsishaji kila kitu kilikuwa kinapunguzwa isipokuwa njaa. Nyumba ya kambi tulibaki nayo kwa sababu hakuna aliyekuja kututoa. Mama, Mzigua wa Handeni, tulikuwa tumemzika nyuma ya kambi. Ukikaa mlango wa uani unaliona kaburi lake.

Karatasi ya maelekezo haikuwemo. Mdogo wangu alikaa na kamusi yake iliyochanika jalada, akasoma karata moja moja, na alichokosa akakibuni kwa akili. Kila mchezaji ana pumzi zake, sisi tukazihesabu kwa punje za mahindi. Unaweka wanyama mbele yako, wanapigana, wanakufa, punje zinapungua. Zikiisha umekufa. Hapo rahisi. Shida ilikuwa zile karata zinazokaa kimya mkekani zikivizia jambo litokee: akifa mnyama wako, fanya hivi, akiingia mnyama mpya, fanya vile. Jambo likitokea zinaamka tatu, nne kwa pamoja, kila moja inataka isikilizwe. Sasa ianze ipi?

Hapo tuligombana jamani. "Yangu kwanza!" "Yako kwa nini?" "Kwa sababu nimekuzidi umri, mshenzi wewe!" Mdomo wangu mimi hauna breki, nakiri. Baba alikuwa amekaa kigodani mwake karibu na mlango. Karata zile mwanzo aliziita za mashetani, wala hakutaka kuzigusa. Lakini kelele zilimchosha.

"Zamu ya nani?" akauliza.

"Yangu," nikasema.

"Basi wewe ndiye mwenye nyumba. Mwenye nyumba anatangulia kusema karibu, mgeni anafuata kusema lake. Lakini chakula kikija, anapakuliwa nani kwanza?"

"Mgeni."

"Haya. Weka yako chini, yeye aweke yake juu ya yako. Ya juu ndiyo inayosikilizwa kwanza."

"Mgeni njoo, mwenyeji afe," nikasema, na kweli zamu ile nilikufa.

Mdogo wangu hakucheka. Alikuwa mtu wa kanuni tangu mdogo, ukimwibia goli moja kwenye mpira wa makaratasi hakusemeshi mpaka umwombe radhi. "Baba, na zikiamka mbili za mtu mmoja?"

"Watoto wako wawili wakilia pamoja, nani atakuamulia wa kumbeba kwanza? Unapanga mwenyewe."

Miaka mingi baadaye nilimkuta kijana mmoja wa Dar anacheza mchezo wa namna ile kwenye kompyuta, nikamuuliza zikiamka pamoja wanafanyaje. Akanieleza, na ilikuwa ileile ya baba. Nusura nimkumbatie mtoto wa watu.

Tokea siku hiyo baba naye akawa mchezaji. Tulicheza jioni nikitoka sokoni, jua bado lipo, na Jumapili baba akitoka kanisani. Alikuwa na karata mbili alizozipenda, na kwa kuwa Kiingereza hakujua, mdogo wangu ndiye aliyemsomea. Moja tuliiita Mzee wa Taa: akifa mnyama wako, unaongezewa pumzi moja. Nyingine Bibi Mchawi: akifa mnyama wako, kila mchezaji anapoteza pumzi moja. Chini kabisa ya kila karata kulikuwa na maandishi madogo kama sisimizi. Nilipomuuliza mdogo wangu, akaniambia ni jina la mchora picha tu.

Kuna mchezo mmoja siusahau. Mimi nilikuwa nimebakiwa na punje moja, baba punje moja. Beberu wake akafa, wakaamka wote wawili, Mzee wa Taa na Bibi Mchawi. Baba alikuwa mtu wa foleni. Enzi za uhaba alipanga jiwe lake mbele ya duka la ushirika alfajiri na akalikuta palepale, na aliamini anayetangulia ndiye anayehudumiwa. Akatanguliza Taa, akamweka Bibi juu yake.

"Umekufa, baba," mdogo wangu akasema.

"Nimekufa vipi na taa nimeitanguliza?"

"Umeilaza chini. Ya mwisho kuwekwa ndiyo ya kwanza kusema. Bibi amesema kwanza, mmekufa wote wawili, wewe na dada. Taa imekuja kumwongezea pumzi marehemu. Ungemlaza Bibi chini na Taa juu, ungepata pumzi ya pili, Bibi angekuondolea moja, dada angekufa, wewe ungebaki."

Baba akazipanga upya kwa vidole vyake vilivyokufa ganzi kwa mashine. "Karata zilezile?"

"Zilezile."

"Na beberu yuleyule?"

"Yuleyule. Mpango tu."

Akatikisa kichwa muda mrefu. Hakufa tena kwa kosa lile, sisi wawili ndio tuliokuwa tunakufa.

Matokeo yalipotoka, mdogo wangu alikuwa amechaguliwa kidato cha tano, shule ya bweni, mkoa wa mbali. Alikwenda kuliona jina lake limebandikwa ukutani, akarudi anatembea polepole kama amebeba maji kichwani. Nilipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka. Katika kambi nzima ile hakuna mtoto aliyewahi kufika huko.

Na wiki ileile, haki ya Mungu, ileile, mnyapara akapita kambini. Shamba limepata mwenyewe. Mwenyewe mpya anataka wakataji wa mkonge. Nyumba yenye mkataji itabaki na watu wake, isiyo na mkataji wafungashe virago kabla ya mwezi kuandama. Baba kifua kilikuwa kimeshaharibika kwa vumbi la singa. Nikamwambia mnyapara, "Niandike mimi." Akacheka. Nikamwambia mama yake alimzaa kwa bahati mbaya. Hilo nalo halikusaidia.

Jioni tukakaa watatu. Hakuna aliyegusa karata.

"Tuhamie Manundu," nikasema. "Nitapanga chumba. Yeye aende shule."

Baba alikuwa anatazama uani. "Na mama yenu nitamwachia nani?"

"Baba, mama amekufa!"

"Najua kuwa amekufa. Mimi ndiye niliyemfukia."

Mdogo wangu akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Zamu ni yako, baba. Zimeamka mbili. Panga."

Baba aliendelea kutazama uani mpaka kuku wakaingia ndani wenyewe. Kisha akasema, "Nyumba kwanza. Akate msimu mmoja, tushike nyumba. Shule ni ya serikali, haihami. Ataomba nafasi yake mwakani."

"Nafasi haisubiri mtu, baba!" Nilipiga kelele. Nilisema mengi ambayo mtoto hamwambii mzazi.

"Sawa, baba," mdogo wangu akasema.

Akakata mkonge. Kijana wa kidato cha tano, asubuhi anaondoka na panga, jioni anarudi mikono imechomwa na miba na utomvu umemtoa malengelenge mpaka shingoni. Nafasi yake shuleni akapewa mtu mwingine kabla msimu haujafika nusu. Alipokwenda kuulizia mwaka uliofuata, walimtazama kama mtu anayedai nauli ya basi lililokwisha ondoka. Na nyumba? Nyumba ilikaa msimu huo mmoja tu. Mwenye shamba akaona kambi inakula ardhi, akaleta trekta. Mkataji, asiye mkataji, wote nje. Pale tulipokuwa tunachezea ukapandwa mkonge mchanga, na makaburi yakabaki katikati ya mistari, huwezi kupita bila kuchomwa. Tungehamia Manundu mwanzoni, tungekosa nyumba na kaburi, lakini mtoto angekuwa shuleni. Sasa tulikosa vyote vitatu. Hesabu hiyo haikuhitaji kamusi, na baba aliijua.

Tukaenda Handeni kwa wajomba, ndugu wa mama. Wakatupa pembe ya shamba, ardhi kavu, maji ya lambo, na ng'ombe wa wafugaji wakipita kwenda kunywa wanatuachia vumbi mpaka ndani ya sufuria. Mimi nikawa nauza mitumba kwenye minada. Mdogo wangu akachoma mkaa. Baba akakohoa. Karata tulikuwa nazo, zimelegea na kunuka moshi, na tuliendelea kucheza kwa sababu tusipocheza ilibidi tuzungumze.

Siku moja alasiri baba alikuwa amelala kivulini, ubavuni mwa jiko. Akaniita nimwinue. Akamwambia mdogo wangu, "Lete karata mbili zile. Na beberu. Na punje moja."

Mdogo wangu akazileta, akazitandika mkekani.

"Hii punje ni sisi," baba akasema. "Beberu ni kambi, ilipokufa. Bibi ni mwenye shamba. Taa ni shule yako. Mimi niliilaza Taa chini, nikamweka Bibi juu. Tukafa." Akakohoa, tukasubiri. "Sasa niambie. Ningeiweka Taa juu?"

Jibu alilijua. Alifundishwa jibu hilo na mtoto huyuhuyu, kwa karata hizihizi, na alikuwa analiulizia kwa makusudi, ili alisikie kinywani mwa yule aliyeponzwa naye.

Mdogo wangu akaichukua karata ya Mzee wa Taa. Akaisogeza karibu na macho, akaigeuza kwenye mwanga, akakunja uso.

"Baba," akasema, "unajua sisi tumekuwa tunaisoma vibaya siku zote?"

"Vibaya vipi?"

"Kuna maandishi madogo hapa chini. Sikuwahi kuyatilia maanani." Akaweka kidole kwenye lile jina la mchora picha. "Inasema haiongezi pumzi papo hapo. Inaongeza zamu ikiisha. Kwa hiyo hata ungeiweka juu, Bibi angekuwahi. Tungekufa vilevile."

"Vilevile?"

"Vilevile, baba. Njia zote mbili zilikuwa za kufa."

Baba alimtazama kwa muda. Kisha akanitazama mimi. Mimi, mwenye mdomo usio na breki, niliinama nikaanza kupepeta mchele uliokwisha pepetwa.

"Kumbe," baba akasema. "Kumbe tulikuwa tunaisoma vibaya." Akajilaza taratibu, akavuta pumzi, na kwa mara ya kwanza tangu tuhame, akaomba chakula. Nikampikia uji nikilia ndani ya moshi, ili nipate cha kusingizia.

Lakini baba naye alikuwa mtu wa kanuni, huyo mtoto alimrithi nani? Jioni ileile aliinuka akasema kama imeandikwa hivyo, basi tuicheze hivyo. Tangu leo Taa inaongeza zamu ikiisha. Mdogo wangu akasema sawa, baba. Na kweli, tukacheza hivyo miezi yote iliyombakia, na ile Taa, ambayo ilikuwa inatuokoa Korogwe, haikumwokoa mtu tena Handeni.

Mchezo wa mwisho baba aliocheza, alicheza na mdogo wangu. Mdogo wangu alibakiwa na punje moja. Karata zote mbili zilikuwa zimemwangukia yeye siku hiyo. Mnyama wake akafa, wakaamka Mzee wa Taa na Bibi Mchawi. Mikono ikamtangulia akili: akamlaza Bibi chini, akaiweka Taa juu, kama alivyokuwa akitufundisha zamani. Akanyoosha mkono kuchukua punje ya kuongeza.

"Aa, mwanangu," baba akasema kwa upole, akamshika kifundo cha mkono. "Si ulisoma mwenyewe? Zamu ikiisha."

Mdogo wangu akaurudisha mkono. Akaichukua punje yake ile moja, akaitoa nje ya mkeka.

"Kweli, baba," akasema. "Nimekufa."