Kesi ya Kamongo

Mjini Bunda yupo fundi cherehani aitwaye Hamduni, mtu mpole, mwenye mkono mzuri wa kanzu na kipaji ambacho wengi hawana: anajua kuongoza kikao. Msikiti ulipotaka mwenyekiti wa ukarabati, alichaguliwa Hamduni. Timu ya mpira ya wauza mitumba ilipokosa msimamizi, alichaguliwa Hamduni, ingawa mpira kwake ulikuwa kitu cha kukwepa kisimpasulie kioo cha duka. Alikuwa na sauti ya kikao, ile inayoanza kwa kushukuru na kuishia kwa kuahirisha.

Na katika miaka yote hiyo ya uenyekiti, Hamduni hakuwahi kuamua jambo. Wanawake wawili sokoni waliwahi kugombania kivuli cha turubai moja, wakamletea shauri. Akaunda kamati ndogo. Kamati ikaomba muda, muda ukapita, na mmoja wa wale wanawake akahamia Musoma kwa mwanawe. Hamduni alilihesabu shauri lile kuwa limekwisha vizuri, na watu wakamsifu kwa hekima.

Basi asubuhi moja akaja dukani kwake Jeska, mwenye banda la gemu kule Kabasa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti. Unashonesha?"

"Hapana mzee. Nimeleta malalamiko. Kamongo amezidi."

Hamduni akaweka mkasi chini. Kamongo alimjua: yule samaki wa ziwani mwenye sura ya nyoka, anayejizika kwenye tope kiangazi chote na kufukuliwa akiwa bado hai. "Amezidi wapi, sokoni? Mimi kamongo silagi, lakini wanaokula wanasema mtamu."

"Sio huyo mzee. Kamongo wa kwenye Zizi."

Ikabidi aelezwe taratibu. Bandani kwa Jeska watu walikuwa wakicheza mchezo wa simu ambao jina lake la kigeni liliwashinda kutamka, wakauita Zizi. Kila mchezaji hufuga viumbe wake tangu wakiwa mayai, akawalisha na kuwakuza, kisha huchagua wanne awapambanishe na wanne wa mwenzake, kwa zamu, huyu apige na yule ajibu. Pambano hurushwa kwenye runinga ya ukutani na watazamaji hushangilia kama kuna goli. Jeska ndiye aliyekuwa bingwa wa ligi ya Bunda. Wateja walikuwa wakija kutoka mbali kumtazama anavyopanga viumbe wake, akimtoa huyu mezani na kumleta yule kama mtu anayecheza bao.

Ndipo Emanuel, dereva wa bodaboda wa Nyamuswa, alipoangua kiumbe ambaye hakuna aliyekuwa naye. Kiumbe huyo akiona anataka kupigwa, hujifukia topeni. Kule chini hapigiki, na majeraha yake yanapona. Akitoka juu, anauma kwa nguvu maradufu. Kisha anajifukia tena. Watu wakamwita Kamongo, na Emanuel hakushindwa tena na mtu.

"Tunataka azuiwe," Jeska akasema. "Ila kila tukikaa tunagombana. Tumekubaliana wewe uwe mwenyekiti, maana hauchezi. Hauna upande."

Hamduni hakuelewa hata nusu ya maelezo yale, lakini neno mwenyekiti alilielewa vizuri sana. Akakubali kabla chai haijapoa.

Kikao cha kwanza kilijaa. Hamduni akafungua kwa kuwashukuru waliofika, waliotaka kufika wakashindwa, na Jeska kwa viti. Jeska akasimama.

"Kwenye mpira kuna kipa," alisema, "lakini hakuna kipa anayeruhusiwa kulifukia goli. Kamongo azuiwe, au abanwe. Mchezo umekufa."

Emanuel akasimama na kofia yake ya pikipiki kwapani, kama mtu aliyekuja kuposa. "Ndugu mwenyekiti, huyu mnyama nimemlea mimi toka yai. Nilikuwaga namlisha hata nikiwa kijiweni nasubiri abiria. Sasa nauliza, na sisi wote hapa tumetoka kwenye ng'ombe: fahali la mwenzako likiwa na pembe ndefu, unaenda kulikata pembe?"

Watu wa upande wake wakapiga meza. Akasimama mwingine akasema kumzuia Kamongo ni kuwavunja moyo vijana wanaojituma. Mwingine akasema tatizo si Kamongo, tatizo ni uelewa mdogo wa jamii juu ya Kamongo, ipangwe semina. Mwingine, ambaye hakuwa anacheza kabisa ila alikuwa amekuja kuchaji simu, akataka kujua kama chai ingekuwepo.

Hamduni alijisikia yuko nyumbani. Akainuka. "Nimesikia pande zote, na pande zote zina hoja. Tuunde kamati ndogo. Nami mwenyewe, ili nisimhukumu nisiyemjua, nitamsoma huyu mtuhumiwa."

Jioni ile Emanuel akapita dukani na pikipiki yake, akamwekea mwenyekiti ule mchezo kwenye simu, na ndani yake akamtumia yai. "La kujifunzia tu mzee," alisema. "Usije ukafikiria vingine."

Hamduni hakufikiria vingine. Alifikiria yai.

Lilipoanguliwa na kitoto cha Kamongo kikachungulia, kina macho ya usingizi na sharubu mbili, moyo wa fundi ukalainika. Akakilisha wakati wa kupiga pasi. Akakilisha wakati wa kupima wateja. Kilipokuwa kikubwa, akakipeleka vitani dhidi ya mkwewe wa Butiama, mwalimu, kijana ambaye kwenye kila maongezi ya familia alikuwa akimsahihisha Hamduni kwa adabu. Kamongo akajifukia, akapona, akatoka, akauma. Akajifukia tena. Mkwe akaandika ujumbe: "Baba, umenishinda. Hongera."

Hamduni aliusoma ujumbe ule mara nyingi kuliko alivyokiri. Alikuwa na umri wa kuitwa babu, na katika umri wote huo alikuwa amesuluhisha, amepatanisha, ameahirisha. Kumshinda mtu hakuwahi. Utamu wake ulimshangaza.

Akawashinda wauza viatu. Akamshinda kijana wa duka la dawa. Kamati ndogo ilipouliza lini itakaa, akajibu kwamba maoni bado yanakusanywa. Walipouliza tena, akasema wadau wa Musoma nao lazima wahusishwe. Wakati huohuo kanzu moja ilitoka dukani mkono wa kushoto umeshonwa ukazibwa, na mwenye kanzu akaligundua hilo siku ya Ijumaa akiwa anawahi swala.

Mkewe Mwanaupe, aliyekuwa akiweka vifungo kwenye sare za shule, alimtazama kwa wiki kadhaa. Siku moja akavuta kiti karibu. "Hebu nione huyo mnyama wako, baba Amini."

Akamwonyesha. Mwanaupe akatazama mpaka pambano likaisha.

"Kwa hiyo akiguswa tu, anajifukia?"

"Ndiyo ufundi wake."

"Na anakaa humo mpaka wenzake wachoke?"

"Ndiyo."

"Huyu," Mwanaupe akasema akirudi kwenye vifungo vyake, "kumbe kajifunza kwako."

Hamduni akacheka. Akachukua mkasi na kukata kitambaa ambacho hakikuwa cha kukatwa.

Bandani nako mambo yalikuwa yamebadilika. Kwa kuwa kamati ilikuwa ikikusanya maoni, watu nao walikuwa wakikusanya mayai. Kila mmoja aliyekuwa akimlaani Kamongo alimfuga kwa siri, na mwisho waziwazi. Mapambano yakawa Kamongo kwa Kamongo. Wote wawili wanajifukia, na runingani kunabaki tope tupu, pana, la kahawia, halina hata kiputo. Watazamaji wanalikodolea tope. Mchezaji mmoja anachungulia, mwenzake hayupo, anarudi chini. Pambano moja liliendelea hivyo hadi umeme ulipokatika, na watu wakapiga makofi kwa kushukuru. Viti vya Jeska vikaanza kubaki vitupu.

Jeska peke yake ndiye aliyekataa kumfuga. Na ratiba ya ligi, ambamo mwenyekiti naye alikuwa amejiandikisha, ikamkutanisha naye.

Jeska alicheza siku ile vizuri kuliko walivyowahi kumwona. Aliwabadilisha viumbe wake, akatega, akamvuta Kamongo juu kwa hila, akambakisha na uhai kidogo sana, mpaka watu waliokuwa wakisinzia wakasimama. Hamduni akabonyeza kitufe cha kujifukia. Kamongo akazama. Jeska akatega tena, na Hamduni akabonyeza kilekile. Mwisho viumbe wa Jeska wakaisha.

Alimpa mkono. "Hongera mwenyekiti."

"Umecheza vizuri sana binti."

"Nashukuru mzee. Naomba nikuulize kitu tu, sio kwa ubaya. Humo ndani wewe ulichagua nini? Maana mimi nilikuwa nachagua kila saa mpaka kichwa kinauma. Wewe nilikuwa naona kidole chako hakihami."

Hamduni akaanza kushukuru kama kikaoni, akajisikia, akaiweka simu mfukoni. Alirudi nyumbani kwa miguu, na kila aliyempongeza njiani alimfanya aongeze mwendo.

Akaitisha mkutano. Emanuel alifika akitabasamu, maana alijua idadi ya waliofuga. Lakini kura za kumzuia Kamongo au kumwacha zilipohesabiwa zilitoka sawasawa, kwa kuwa baadhi ya waliokuwa na Kamongo walikuwa wamechoka kutazama tope na hawakuthubutu kusema kwa mdomo. Macho yote yakamgeukia mwenyekiti. Kura yake ndiyo ingekata shauri.

Jasho likamtoka Hamduni. Watu wakasubiri neno kamati. Mmoja alikwisha kuchukua kofia yake.

"Mimi nina Kamongo," alisema. "Nampenda. Amenipa raha ambayo sikuwahi kuipata, na nawaambia ukweli, sitaki azuiwe." Emanuel akaanza kupiga makofi. "Ngoja kwanza. Ninayempenda mimi ndiye aliyewafukuza wenzangu bandani. Kwa hiyo naamua. Kamongo ataingia uwanjani, lakini atajifukia mara moja tu kwa pambano zima. Akijifukia mara ya pili, mwenye naye ameshindwa. Imekwisha."

Hakuna aliyejua la kufanya, kwa sababu hakuna aliyewahi kuona kikao cha Hamduni kikiisha. Emanuel ndiye aliyekuwa wa kwanza kuinuka.

"Mzee, yai si nilikupa mimi!"

"Ulinipa. Ulisema la kujifunzia. Nimejifunza."

Emanuel akavaa kofia ngumu humohumo ndani, akatangaza kwamba anaanzisha ligi yake Nyamuswa ambako wanyama wana uhuru, akaondoka na vumbi. Hamduni alibaki amesimama. Alikuwa amemuudhi mtu waziwazi, mbele za watu, na dari haikuanguka. Usiku huo alilala kama mtoto.

Sheria mpya ilidumu siku chache. Kisha simu zote zikaomba apdeti. Wenye mchezo huko ng'ambo, ambao ramani ya Bunda hawajawahi kuiona, walikuwa wamempunguza makali Kamongo dunia nzima. Sasa akijifukia haponi, anajificha tu kama kuku anayeogopa mvua. Mjadala wote wa Kabasa, semina iliyopendekezwa, kura na jasho la mwenyekiti, vikawa havina kazi.

Lakini Bunda haikuelewa hivyo. "Wametusikia!" watu walisema stendi. Habari ikapanda mabasi. Ilipofika Musoma ilikuwa tayari Hamduni amewaandikia wazungu barua kali. Ilipofika Butiama alikuwa amewapigia simu, kwa Kiingereza, na mkwewe mwalimu akampigia kuuliza alitumia maneno gani.

"Sikumpigia mtu," Hamduni alimwambia.

"Baba, unyenyekevu nao una mipaka."

Wanaligi wa Musoma wakaja na zawadi ya vitenge, wakaomba awe mlezi wao. Alijitahidi kueleza kwamba apdeti ilijileta yenyewe. Wakatikisa vichwa kwa heshima, jinsi mtu anavyomsikiliza mkubwa anayejishusha, na wakapiga naye picha. Emanuel peke yake ndiye aliyekubaliana na habari zile kwa hasira: alituma salamu kutoka Nyamuswa kwamba mzee amemshtaki mpaka nje ya nchi.

Msimu mpya ukaanza na kiumbe mwingine, kipepeo mdogo wa zambarau. Unga wa mbawa zake ulikuwa unawalaza usingizi viumbe wote wanne wa mpinzani kwa mpigo. Wa kwanza kumpata Bunda nzima alikuwa Jeska. Akashinda Jumamosi, akashinda Jumapili, akashinda mpaka watu wakaanza kuahirisha mapambano kwa visingizio vya misiba.

Emanuel, aliyekuwa amerudi kimyakimya kwenye ligi ya Bunda, ndiye aliyefika dukani kulalamika. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, akiona aibu kidogo. Kabla hajamaliza kusalimia, Jeska naye akaingia, maana alikuwa ameiona pikipiki.

"Mzee, usimsikilize," alisema. "Huyu kipepeo nimemlea toka yai. Ni ufundi tu. Watu wajifunze."

Emanuel akageuka kumtazama. Hamduni akawatazama wote wawili, akazima cherehani, akavuta viti viwili.

"Kaeni," alisema. "Kipepeo naye atalaza mara moja tu. Jeska, kasirika hapahapa, usiende kukasirikia nyumbani."

Jeska akakasirika hapohapo, kwa sauti iliyofika barabarani, na Emanuel akamsaidia kutafuta hoja ambazo yeye mwenyewe aliwahi kuzitumia. Mwanaupe akaleta chai, akaongeza sukari kwenye kikombe cha Jeska, na wakabishana mpaka abiria mmoja wa Emanuel akaja kumuuliza kama leo anaendesha au haendeshi.