Nyama ya Siku Nne

Siki ikichemka pamoja na karafuu, mimi hutoka jikoni. Mume wangu hudhani mvuke unaniwasha macho, nami nimemwacha aamini hivyo. Ninyi nitawaambia ukweli, maana nimechoka kuubeba peke yangu.

Nilikuwa na miaka tisa, tukiishi mtaa wa Malvern, Johannesburg, katika vyumba viwili nyuma ya duka la fundi cherehani. Mama, aliyetoka Bukavu, alifanya kazi za ndani kwa bibi mmoja Mjerumani, na huko akajifunza kupika nyama ya ng'ombe ya kwao. Unailoweka siku nne nzima kwenye siki, vitunguu na karafuu, kisha unaichemsha polepole hadi uma unaingia bila kubishana, na mchuzi unaukoleza kwa biskuti za tangawizi zilizopondwa. Pembeni unaweka kabichi nyekundu na madonge ya viazi makubwa kama ngumi ya Baba. Ni chakula cha watu wa baridi, na Julai ya Johannesburg nayo si mchezo.

Jumapili ile alitupikia sisi sote, lakini macho yake yalikuwa kwa Shangazi Odette, dada mkubwa wa Baba, aliyekuwa akitafuta mpishi wa harusi ya binti yake. Mama aliitaka kazi hiyo kuliko kitu chochote. Alitaka watu waulize nani kapika, wajibiwe kwa jina lake, kisha aachane na kufagia nyumba za wengine.

Ndoo ya nyama ilikaa chini ya meza tangu Jumatano. Kila akipita, Baba aliziba pua na kuuliza maiti itazikwa lini, na Mama alicheka tu. Mwonjaji nilikuwa mimi. Tuliporudi kutoka kanisani nililamba mwiko mara tano, nikaomba na sufuria niikombe. Ulianza uchachu, ukafuata utamu, halafu tangawizi ikaniwasha taratibu kooni. Sijala kitu kitamu vile tena.

Tukakaa mezani. Shangazi, mgeni wetu, alitangulia kula pamoja na Baba. Akatia kipande mdomoni, akaacha kutafuna.

"Mama Neema, hii nyama iko chachu. Iliharibika?"

"Hapana, wifi. Ni vinegre. Ni vile Wajerumani banapikaka."

"Ilikaa siku ngapi?"

"Ine."

Shangazi akaisukuma sahani. Baba, aliyekwisha kumaliza nusu ya yake, akaweka uma chini na kuangalia dirishani.

Mama akanigeukia. "Neema alionja. Neema, ambia shangazi yako."

Shangazi alikuwa ameniahidi kwamba nitabeba maua siku ya harusi, na gauni langu jeupe lilikuwa tayari kwa fundi. Nikamtazama alivyokunja uso, nikaliona gauni likienda zake.

"Mimi sikuonja," nikasema.

Mama aliniangalia kidogo. Kisha akainama, akanifuta kidevu kwa pembe ya kitenge chake, akamwambia Shangazi, "Basi nitakukaangia mayai."

Shangazi alikula mayai. Harusi ilipikwa na mwanamke mwingine wa mtaa wa Rosettenville, nami nilibeba maua na kupigwa picha nyingi. Mama aliendelea kufagia nyumba za watu miaka kumi na mmoja. Hakunikemea hata siku moja, nami nikadhani amesahau, nikafurahi.

Kwa muda mrefu niliamini alinifuta kwa kuwa nilikuwa mtoto mchafu. Nilishakuwa mama mwenyewe siku nilipokumbuka, mikono ikiwa kwenye maji ya vyombo, kwamba mezani pale nilikuwa sijagusa chakula changu. Kidevuni nilikuwa na mchuzi wa jikoni, na Mama aliuona. Ili aaminiwe, alichohitaji ni kunigeuza tu uso kuelekea kwa Shangazi. Naona aibu hadi leo, kwa sababu aliufuta ili nisiitwe mwongo mbele ya watu.