Kifaru cha Vipande Kwenye Ungo

Mwaka ambao kiharusi kilimpiga mume wangu, nilichoka mpaka kukaa tu kwenye kigoda kukawa kazi. Na mimi si mtu wa kulialia. Nimezaa tisa, nimekuza saba, nimelima migomba na kahawa hapa Kaisho tangu nilipoolewa, na mikono yangu hii watu wanaijua. Kwenye kuchuma kahawa hakuna mwanamke wa rika langu aliyewahi kunipita. Lakini kumlisha mtu mzima kwa kijiko, umvalishe shati, umfunge vifungo, umpeleke chooni, halafu uende shambani, halafu urudi umkute vilevile ulivyomwacha, anatazama ukuta, hiyo ni kazi ya namna nyingine. Inakula mifupa.

Mkono wake wa kulia ndio ulioathirika. Haukufa kabisa. Ukivitazama vidole kwa muda mrefu, vilikuwa vinacheza kidogo, kama vinaota. Kule hospitali ya Nyakahanga alikolazwa, dada wa mazoezi ya viungo alitwambia wazi: "Mpeni mkono kazi. Kazi ndogondogo, kushika vitu vidogo, kila siku. Miezi hii ya mwanzo ndiyo yenyewe. Ikipita bure, mkono utabaki hivyohivyo."

Nilimwelewa vizuri. Tuliporudi nyumbani nikamwekea mume wangu maharage kwenye sahani, yakiwa bado kwenye maganda yake, ayabambue. Aliyatazama kama nimemwekea mavi ya ng'ombe.

"Hii ni kazi ya wanawake," akasema. Mdomo ulikuwa bado umepinda, lakini maneno ya kiburi yalitoka yamenyooka.

"Na kulishwa uji ni kazi ya nani?"

Maharage niliyabambua mwenyewe. Kesho yake nikampa kahawa achambue, nzuri huku, mbovu kule. Akaisukuma kwa kiwiko, ikamwagika yote, nikaiokota mwenyewe. Nikampa ukindu asuke kamba, akaulalia. Mwezi wa kwanza ukaisha hivyo, wa pili ukaingia, na mimi kila asubuhi namfunga vifungo nikiwaza: nitakufa kabla ya huyu, na nani atamfunga?

Ndipo akaja mjukuu wangu wa kike, aliyekuwa likizo. Anasoma ufundi wa mitambo chuoni Mwanza. Huyo ndiye fahari yangu, sitaficha. Mimi niliachia darasa la nne, yeye anafungua injini na kuirudisha. Siku ya pili akapanda darini kunitafutia kikapu, akashuka na boksi limefungwa nailoni, limejaa vumbi na mavi ya mijusi.

Nililitambua. Zamani mume wangu alikuwa dereva wa mzungu mmoja aliyekuja kuchimba visima. Walikuwa wakisimuliana habari za vita vya Kagera, maana mume wangu alikuwa mgambo wakati ule. Mzungu alipoondoka kurudi kwao, alimwachia birika, buti na hilo boksi. Ndani yake kuna kifaru cha vita, cha plastiki, si kizima, ni vipande vya kuunganisha. Mume wangu alilipandisha darini na kukataza watoto wasiliguse. Hakuliunganisha. Nadhani alikuwa anasubiri kuwa na nafasi, na nafasi mtu hapewi.

"Bibi," mjukuu akasema, "dawa ya mkono wa Babu hii hapa. Tazama vipande vilivyo vidogo!"

Kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi nilisikia mwili wangu umekuwa mwepesi. Lakini mtoto wa siku hizi hafanyi kitu bila kuuliza simu. Akakaa mlangoni, akasoma, akasoma, uso ukaanza kushuka.

"Ni cha zamani mno, Bibi. Wanaojua mambo haya wanasema tusijisumbue. Vipande havikutani vizuri, na umbo lenyewe limekosewa. Gundi, unaiona, imekuwa jiwe. Minyororo ya miguuni ilikuwa ya mpira, imekatika vipandevipande humu ndani. Wanasema ni heri kununua kipya."

"Kipya kiko wapi?"

"Nje. Kinachukua miezi kufika."

"Miezi ndiyo tusiyokuwa nayo."

Tukampelekea mwenyewe aamue. Akashika kifuniko kwa mkono wa kushoto, akaitazama ile picha iliyo juu yake, tukangoja. Halafu akakitupa mkekani.

"Siyo chenyewe hiki. Kifaru cha vita vile, gurudumu la mbele limejitenga peke yake. Pana nafasi hapa, halafu manne yamebanana. Hawa wameyapanga sawasawa kama vifungo vya shati. Uongo mtupu. Mkichome."

Alijua anachosema. Wakati wa vita, msimu wa mvua, kifaru kimoja kilizama kwenye tope barabarani, hapo chini ya nyumba yetu, kikiwa njiani kwenda mpakani. Wanaume wote waliitwa. Wakakata migomba, wakawa wanatandika vigogo chini ya minyororo ili kipate pa kukanyaga. Mume wangu alishinda kutwa nzima amelala kwenye tope, uso kwa uso na magurudumu yale, anasukumia vigogo. Migomba waliyokata ilikuwa yangu. Ndiyo kwanza nimeolewa, ndiyo kwanza inazaa. Waliinyoa kama kichwa cha mfiwa. Kwa hiyo na mimi sikuwa na mapenzi na kifaru, cha chuma wala cha plastiki.

Nilikaa na lile boksi mapajani. Nikapima. Kitu ni kibovu, waliokijua wamesema. Mwenye mkono hakitaki. Mjukuu ana siku chache arudi chuoni, na mimi macho yangu hayaoni hata tundu la sindano. Kuna faida gani kujiongezea kazi? Kwa upande mwingine, maharage alikataa, kahawa alikataa, ukindu alikataa. Hiki walau alikitukana. Mtu ambaye hajasema maneno kumi kwa siku ametukana plastiki kwa pumzi ndefu. Hilo lilinikaa kichwani usingizi ukakatika.

Asubuhi mjukuu akaenda sokoni. Nikajisemea, ngoja niianze kazi hii mwenyewe, wakiona imeanza hawatasema tuiache. Nikafungua boksi. Vile vipande havikuwa vimelala huru. Vilikuwa vimeshikana kwenye vijiti vyembamba vya plastiki, kila kijiti na vipande vyake pembeni. Kuna mtu wa Kaisho asiyekijua kitu cha namna hiyo? Ni tawi la kahawa na matunda yake! Nikachukua ungo, nikauweka katikati ya miguu, nikachuma. Kushoto nashika tawi, kulia nasokota, kipande kinadondoka. Mikono ilikumbuka yenyewe. Chai haikupoa, nimemaliza boksi zima, ungo umejaa. Vijiti nikavisukumia motoni chini ya sufuria ya ebitoke, ndizi zetu za kupika. Moshi ukatoka mweusi, unanuka kama ndala imeungua.

"Unapika nini wewe, kiatu?" mume wangu akapiga kelele kutoka barazani.

"Kula uji wako!"

"Na nani ananilisha?"

Mjukuu akarudi. Akaona ungo, akatabasamu. Halafu akatazama huku na huku.

"Bibi, vijiti viko wapi?"

"Motoni. Nimekupunguzia kazi nusu."

Akaweka mikono kichwani. "Yesu wangu! Bibi! Namba zote zilikuwa kwenye vijiti!"

Akanieleza polepole, kama anamweleza mtoto. Vipande havina jina. Jina la kila kipande ni namba, na namba imechorwa kwenye kijiti kando ya kipande. Karatasi ya maelekezo inasema namba fulani iungwe na namba fulani. Sasa karatasi ipo, namba zimekuwa majivu, na mimi nina ungo wa takataka za kijani.

"Basi limekwisha," akasema. "Hata kama kingekuwa kizuri, hapa hata fundi aliyekitengeneza hawezi."

Aibu ni nzito ukiwa umeshajisifu. Nikaketi pale pale jikoni, moshi unaniingia machoni, sikusogea. Sikuwa na nguvu ya kusogea.

Halafu tukasikia kicheko barazani. Cha kukwama, cha upande mmoja wa mdomo, lakini kicheko.

"Umechuma mbichi na mbivu pamoja!" mume wangu akasema. "Mwanamke aliyekuwa anawasema wenzake shamba zima! Leteni huo ungo nione alichovuna."

Tukauweka mbele yake kwenye stuli. Akainama. Jicho lake likatembea juu ya vile vipande, likasimama.

"Ile pale, yenye kona. Hiyo ni ndoano. Tulifunga mnyororo hapo tukavuta."

Akapeleka mkono wa kushoto. Nikaudaka.

"Huo hapana."

"Upi sasa?"

"Ule wa hospitali."

Akanitukana kwa Kinyambo, matusi ambayo mjukuu alijifanya hayasikii. Nikaendelea kuushika mkono wa kushoto. Mwishowe ule wa kulia ukapanda juu ya ungo, ukatua kama kuku aliyechoka. Vidole vikagusa ndoano, ikateleza. Vikagusa tena. Jasho likamtoka. Kipande kikanyanyuka, kikaangukia mkekani, nikakiokota, nikakirudisha kwenye ungo. Kikaanguka tena, nikaokota tena. Sitasema nilifurahi. Mgongo ulikuwa unaniuma, na nilijua nani atakayekuwa anaokota.

"Babu, unajua na hivi vingine?" mjukuu akauliza.

"Nililala chini yake siku nzima. Wewe unafikiri nilikuwa natazama nyota?"

Wakaanza hivyo. Yeye anakitambua kipande na kukishika, au kujaribu kukishika, mjukuu anatia gundi ya dukani, ile ya kichupa inayogandisha vidole. Karatasi ya maelekezo hatukuihitaji tena. Mjukuu alipotaka kuweka magurudumu pale yalipotobolewa, babu yake akakataa katakata. Ikabidi apashe msumari moto atoboe tundu jipya, la mbele lijitenge. "Sasa ndiyo chenyewe," akasema. Mjukuu aliporudi chuoni, kazi ya gundi ikawa yangu. Vidole vyangu viwili vilishikana siku moja, nikavitenganisha kwa mafuta ya kupikia.

Waliosema kisijengwe walikuwa sahihi, niseme kweli. Kimetoka kibaya. Mtutu umelegea, mwili una nyufa za kuingiza kucha, minyororo hakina kabisa, na kwenye ungo kumebaki vipande ambavyo hata mume wangu havijui. Vifungo vya shati bado nafunga mimi. Kuna siku mkono unamgomea, anausukuma ungo na kurudia kutazama ukuta, na siku hiyo yote narudi mwanzo.

Lakini wiki iliyopita nilitoka shambani na jembe begani, nikamkorogea uji, nikamletea na kijiko, nikavuta kigoda kama kawaida. Alikuwa amebana kipande kwa vidole vya mkono ule, anangoja gundi ishike. Hakuniangalia.

"Weka hapo. Nitakula mwenyewe nikimaliza."

Nikauweka. Nilisimama mlangoni nikamwona anakishika kijiko. Uji mwingi ulikwenda kwenye shati, na shati ni langu kufua. Sikumfuata kumfuta. Niliingia ndani, nikapanda kitandani na miguu yangu ya udongo, mchana kweupe, nikalala mpaka mbuzi walipoanza kulia njaa.