Kisu Nilichonunua Fordsburg

Mume wangu aliporudi kwao kutoka uhamishoni, nilimfuata kutoka Morogoro, tukapanga Hillbrow, mtaa wa magorofa katikati ya jiji, ghorofa ya sita. Mwaka haujaisha nikaporwa asubuhi kweupe kwenye ngazi za jengo letu. Mwanamume mmoja alinikaba shingo, mwenzake akachukua mkoba. Hakuna mlango uliofunguka.

Mume wangu sikumwambia. Alikuwa amebeba bunduki miaka mingi akipigania uhuru wa kwao, na sasa hakutaka hata kusikia habari za silaha. Nilikwenda peke yangu Fordsburg, mtaa wa maduka, nikaomba kisu kwenye duka la vyombo.

"Cha kukatia nini, mama?" muuzaji aliuliza.

"Nyama."

Vya jikoni vilikuwa virefu, havikuingia mfukoni. Nikachukua cha kukunja, chenye mpini wa mbao, nikalipa, nikatoka haraka.

Jirani yangu, mama wa Kikongo aliyekuwa mlinzi wa duka mjini, alikubali kunifundisha. Tulipanda kwenye paa, pale tulipoanika nguo. Kisu alikiweka kando. Alileta kalamu mbili nene za wino mwekundu, tukavaa mashati meupe makuukuu, akanijia.

Tulipopumzika, shati lake lilikuwa na mstari mmoja. Langu lilikuwa jekundu tumboni, shingoni, mikononi kote.

"Angalia shati yako, dada. Umekufa mara ngapi?" Hakucheka. "Mutu akitaka mukoba, mupe. Kisu ni ya wakati njia zote zimekwisha."

Nilimsikia, lakini nilianza kutembea na mkono mfukoni, kidole gumba juu ya kisu. Sokoni, kwenye teksi, hata kanisani. Badala ya woga kupungua, kila aliyenikaribia nikamwona anakuja kunikaba.

Jumamosi moja mchana lifti ilikuwa imeharibika. Nilipofika ghorofa ya tatu nikasikia viatu nyuma yangu, vinapanda haraka. Niliongeza mwendo, navyo vikaongeza. Mkono ukanigusa bega. Nikageuka na kisu wazi.

Kilipasua sweta ya kijani. Mfuko wa spinachi ukaanguka. Alikuwa mama mkwe wangu, ametoka Soweto kututembelea.

"Kunani?" aliuliza kwa Kizulu, polepole, kuna nini, huku ameshika mkono wake. Damu ilikuwa kidogo, mchubuko tu. Mimi nilikaa chini pale pale kwenye ngazi.

Alikaa kando yangu. Kwa Kiingereza chetu kibovu nilimwambia yote: kukabwa, kisu, paa. Akanieleza kwamba alikuwa ameiona kanga yangu kutoka chini, akakimbia anifikie, maana naye aliogopa kupanda ngazi zile peke yake.

Sweta aliishona mwenyewe jikoni kwangu kabla mwanawe hajarudi. Hakumwambia neno.

Jumatatu nilimweleza jirani kwamba siendi tena na kisu. Tukapatana tuwe tunangojana chini, tupande pamoja. Tulikaa jengo lile miaka miwili zaidi, na kila ghorofa nilisimama kwanza nikasikiliza.