Nipe Hadi Jumamosi

"Ulishinda. Haya, ukapata nini?"

Nakumbuka Jumamosi ile bibi yangu aliponiuliza hivyo, kule Uru, mkono wake ukiendelea kuchambua kahawa kwenye kichanja kana kwamba ameniuliza saa. Nilikuwa mwaka wa tatu chuoni, hapo Moshi mjini, na nilikuwa mtu mwenye jibu la kila kitu. Hilo sikuwa nalo.

Nakuita mwanangu, ingawa sijafika umri wa kukalia kiti cha wazee. Lakini mnakuja ofisini kwangu mkijifanya mnauliza habari za utafiti, na baada ya dakika tano tunamzungumzia kijana fulani. "Mwalimu, nitamjuaje aliye sahihi?" Mimi mwenyewe sipendi nasaha. Nilipokuwa rika lako, mzee akianza na "sisi zamani", nilianza kuangalia mlango ulipo. Basi nitakusimulia kosa langu moja tu. Ukimaliza kusoma, lihoji upendavyo.

Kutafuta mchumba katika mji wa vyuo kuna shida yake: kila unayekutana naye anajua kuongea. Kijana anakualika chai kantini, na kabla sukari haijayeyuka amekwisha kukueleza matatizo ya bara zima na namna ya kuyatatua. Niliwapenda hao, kisha nikawachoka. Nikatunga mtihani. Kila aliyenialika chai nilimuuliza maswali matatu, na jibu lolote alilotoa nililijibu kwa neno moja: "Thibitisha." Wengi hawakufika swali la tatu. Mwenzangu wa chumbani, Happiness, alikuwa ananisubiri mlangoni nikirudi.

"Huyu naye kaanguka swali la ngapi?"

"La pili."

"Utaolewa na kamusi wewe, Manka."

Jina la Thibitisha likanishika chuo kizima. Sikulichukia, nisikudanganye. Nililivaa kama tai.

Kisha akaja Evarist. Alikuwa anasomea kazi ya maabara, na labda ndiyo sababu hakuona aibu kusubiri majibu. Nilimuuliza swali langu la pili, lile lililowaangusha wengi: watu wawili wanaopendana wanapingana, kila mmoja ana hakika yuko sahihi, nani abadilike? Akakoroga chai yake muda mrefu.

"Hilo sijawahi kulifikiria," akasema. "Nipe hadi Jumamosi."

Nilidhani anatania. Happiness aliposikia alijitupa kitandani kwa kicheko. "Kaomba kuongezewa muda? Mfelishe!"

Jumamosi akaja kweli, saa tatu asubuhi, meza ileile. "Wasibadilike siku hiyo," akasema. "Wapike, wale, walale. Kesho yake mmoja atakuwa amesahau alikuwa anatetea nini."

"Hiyo si hoja," nikamwambia.

"Si hoja. Ni jibu."

Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Kisha nikaondoka nikiwa na lile jibu kichwani, na sikuweza kulitoa. Wiki iliyofuata nikampa swali lingine. Akaomba hadi Jumamosi. Ikawa ndiyo desturi yetu. Katikati ya wiki nauliza, Jumamosi napata jibu, na kila jibu lilikuwa na ladha ileile ya ajabu, kama limetoka jikoni badala ya kitabuni. Ijumaa hakuwa anapatikana kabisa. Alikuwa anapanda Mwika kwa mama yake, aliyekuwa akiishi kwenye kipande cha shamba la kaka yake, ili amkatie ng'ombe majani.

Siku moja jioni tulikuwa tunatembea chini ya miti ya mtaa wa Shanty Town, akaniambia kwa nini mama yake anaishi kwa kaka yake. Evarist alikuwa na miaka saba, wakikaa Kilema kwa baba yake. Baba alimtaka mwanamke mwingine. Wazee wa ukoo wakaketi kutwa nzima, kila mmoja akaongea vizuri, na mwisho wakakubaliana kwamba mama ndiye aondoke. Akachukua mfuko wa nguo kwa mkono mmoja na mwanawe kwa mkono wa pili, akapita mbele yao hadi kwenye njia.

"Hakuna aliyesimama," Evarist akasema. Halafu, baada ya hatua kadhaa: "Sijawahi kumwambia mtu."

Nilimshika mkono. Sikusema "thibitisha". Siku hiyo nilijua kwamba huyu ndiye, na ningeulizwa kwa nini ningesema sijui, mimi!

Wiki tatu baadaye kukawa na mdahalo, Alhamisi alasiri, ukumbi mkubwa. Hoja ilikuwa kwamba ukoo hulinda ndoa kuliko sheria. Pande zilipangwa kwa kura, na kura ikampeleka Evarist kutetea, mimi kupinga. Hakuamini hata nusu ya alichokuwa anatetea, nililijua hilo, lakini alikuwa amejiandaa kama anavyojiandaa kwa kila kitu. Alijenga hoja yake polepole, tofali juu ya tofali. Watu wakaanza kutikisa vichwa kukubali. Nikaangalia karatasi zangu nikaona sina kitu. Nilikuwa nashindwa, mwanangu, mbele ya chuo kizima, tena na mtu aombaye siku nne ajibu swali moja.

Nikasimama. "Mheshimiwa mwenyekiti, msemaji anatuambia ukoo hulinda. Mama yake mwenyewe alitoka kwa mumewe na mfuko wa nguo na mtoto wa miaka saba, wazee wa ukoo wakiwa wameketi, na hakuna aliyesimama. Athibitishe!"

Ukumbi ulilipuka. Waligonga meza, wakaimba jina langu, Thibitisha, Thibitisha. Evarist alifunika kalamu yake. "Sina la kuongeza, mwenyekiti," akasema, akakaa.

Jumamosi nilikaa kwenye meza yetu tangu saa tatu hadi saa tano na nusu. Hakuja. Ujumbe niliomtumia kwenye simu haukujibiwa. Nikapanda Uru kwa bibi, na nikamsimulia habari yote nikiwa na hasira, kama mtu aliyeonewa. Nilimweleza kwamba mdahalo ni mdahalo. Nilimweleza kwamba nilichosema kilikuwa kweli tupu, kila neno. Bibi aliokota punje mbovu, akaitupa.

"Alipokuambia hayo mlikuwa wangapi?"

"Wawili."

"Na juzi?"

"Ukumbi ulijaa, bibi. Kama watu mia mbili."

"Ulishinda. Haya, ukapata nini?"

Tulichambua kahawa mpaka ya kichanjani ikaisha. Kisha akachukua panga, akaenda kwenye mpaka wa kihamba, lile shamba la migomba la nyumbani, ambako masale yamepandwa tangu kabla sijazaliwa, akakata kilele kimoja cha isale chenye majani mabichi. Kwetu ukimkosea mtu unampelekea isale, na kama wewe si wa huku, jua hivi: mtu akiletewa isale hawezi kukataa kulipokea.

"Sipeleki," nikamwambia. "Jani ambalo mtu hawezi kulikataa ni kumlazimisha. Msamaha wa kulazimishwa ni msamaha gani?"

"Hawezi kukataa kulipokea. Kukurudia wewe ni shauri lake."

"Basi si afadhali niende tu nikaongee naye?"

Bibi akacheka, kile kicheko chake cha kifuani. "Mjukuu wangu, nakujua. Ukienda na mdomo, utamweleza na kumweleza mpaka yeye ndiye akuombe wewe msamaha. Isale hulipeleki kwa ajili yake. Ni kwa ajili yako, ushike kitu mkononi unyamaze. Anayebeba isale haongei."

"Nimpe chumbani kwake?"

"Ulimvua nguo chumbani?"

Alhamisi iliyofuata niliingia ukumbini na tawi la isale mkononi, nimevaa sketi yangu nzuri, mdahalo ukiwa haujaanza. Mtu mmoja nyuma akapaza sauti, "Thibitisha leo kaleta mboga!" Wakacheka. Kijana mmoja wa Machame akamgeukia, "Wewe nyamaza, hujui hilo ni nini." Kicheko kikapungua, safu kwa safu. Nikasimama mbele ya Evarist. Kinywani nilikuwa na sentensi nne zilizopangwa vizuri, moja ikianza na "ingawa". Nikazimeza. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile, wala sijawahi kusimama kwa muda mrefu vile.

Aliliangalia isale kuliko alivyoniangalia mimi. Kisha akalipokea kwa mikono miwili.

"Nimelipokea," akasema. "Jibu, nipe hadi Jumamosi."

Happiness usiku ule hakunitania hata kidogo, na hapo nikajua hali ni mbaya.

Jumamosi saa tatu alikuwa mezani kabla yangu. Hakuniagizia chai. "Jibu ni hili," akasema. "Mtu akikosea kwa mdomo, apewe kazi ya mikono. Ijumaa ijayo unakwenda na mimi Mwika kukata majani."

Nikaenda. Nilipofika nilimwamkia mama yake, "Shikamoo mama," macho yangu yakiwa chini, maana nilikuwa nimembeba mwanamke huyu ukumbini kama karatasi ya ushahidi na yeye hana habari. "Marahaba, mwanangu," akasema. "Mundu ule pale." Nikakata majani mpaka malengelenge yakapasuka. Nikarudi Ijumaa iliyofuata, na iliyofuata. Mwaka wa pili baada ya kumaliza chuo tulifunga ndoa pale Kilema, kwenye parokia aliyobatiziwa Evarist, na mama yake akaingia kanisani kwa mlango wa mbele.

Sasa nasaha, kwa kuwa nimezikimbia vya kutosha.

Sikuambii uache kuuliza maswali. Mimi bado nauliza, muulize Evarist. Mchunguze kijana wako, mpinge, mwambie athibitishe. Asiyevumilia swali lako leo hatavumilia hitaji lako kesho. Lakini sikiliza zaidi pale anaposhindwa kujibu. Katika mji huu utapata wengi wa kujibu papo hapo. Tafuta anayeweza kusema "sijui" bila kukuchukia, akaenda, akarudi na kitu siku aliyosema atarudi.

Na jichunguze wewe. Mtu akikuambia jambo mkiwa wawili, kisha siku ikafika mkawa mia mbili, au mko kwenye kundi la simu, au mmegombana tu na unaona unashindwa, lile jambo litakujia lenyewe ulimini, limenolewa. Kwamba ni la kweli hakukupi ruhusa. Shindwa. Kaa chini, funika kalamu yako, ushindwe mbele ya watu wote. Utaamka kesho ukiwa bado na mtu wa kunywa naye chai.

Na ukikosea, kwa sababu utakosea, usiende na maelezo. Nenda na kitu mkononi. Kama kwenu hakuna isale, beba chochote kitakachokunyamazisha.

Mungu akujalie akili isiyochoka kuuliza na ulimi unaojua kukaa. Akupe mtu wa kukusubiri, nawe akupe uvumilivu wa kumsubiri hadi Jumamosi. Nyumba yako iwe na moto jikoni na mabishano yanayoishia kwenye chakula. Amina.

Limebaki moja, na nililijua nikiwa na watoto wawili tayari. Ilikuwa Desemba, watu wote wamerudi nyumbani, nami na mama mkwe tunamenya ndizi za mtori. Akasema, bila kuinua macho: "Lile swali lako la watu wawili wenye hakika lilinikosesha usingizi usiku kucha."

Kisu kikasimama mkononi mwangu. Ijumaa zile zote, Evarist alikuwa akipanda Mwika na swali langu, na wakikata majani mama anajibu. Jumamosi mimi nikinywa chai na kumpenda mtu, nilikuwa nawapenda wawili.

"Na lile la isale, mama?" nikauliza. "Alikuambia na nilichosema?"

"Aliniambia yote. Hilo lilikuwa rahisi. Ng'ombe alikuwa amezaa, nilihitaji mtu wa tatu wa kukata majani."

Alijua, basi, tangu siku ile niliyosimama mlangoni kwake nikiangalia chini. Na siku ile, nakumbuka vizuri, tulipomaliza kukata majani alinimiminia chai mimi kwanza, ndipo akammiminia mwanawe.